Mbuzi wa Mbinya na Damu ya Mama Yake

Shangazi Nasima,

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia wakazi wote wa Mwingi kwamba suruali yangu ya Jumapili imekataa kufunga kiunoni, na fundi aliyeishona ni mimi mwenyewe. Baada ya tangazo hilo, shangazi, nisaidie, maana yaliyobaki hayachekeshi.

Mke wangu Mutanu ana saratani ya limfu, ile ya tezi, dawa za kwanza zilimsaidia lakini sasa imerudi, na daktari alitueleza kwamba kuna jeni zimegeuka na kuna protini inaitwa saiklini D1 imezidi, inazifanya seli zigawanyike bila kupumzika, na mimi fundi wa cherehani niliposikia jeni nikafikiria ukoo, nikamfikiria binti yetu Mbinya, ambaye watu wa mchumba wake Kisilu, wa Makueni, wanataka kumletea mbuzi wa ntheo, na unajua kwetu Ukambani msichana hahesabiwi ameolewa mpaka mbuzi hao wafike, basi nikawapigia simu wangoje, nikasema mvua, nikasema barabara, mwisho nikasema damu yetu ina kasoro na sitaki kuwapa kitu kibovu. Mbinya haongei nami. Kila asubuhi Mutanu ananiuliza, "Baba Mbinya, mbuzi wa mtoto wamefika wapi?" Namjibu, "Wako njiani, wanakula majani." Anacheka, halafu anageukia ukuta. Je, nakosea kuwalinda watoto wa wenyewe?

Musyimi

Ndugu Musyimi,

Pole sana, wewe na Mutanu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa saratani ninayemwamini. Seli ikitaka kugawanyika hupita hatua kwa hatua, na kuna protini za kuiambia nenda na nyingine za kuiambia ngoja. Katika ugonjwa kama wa mkeo, vipande vya kromosomu hubadilishana mahali ndani ya seli moja ya damu, na jeni ya saiklini ikajikuta mahali ambapo haizimwi. Wakati mwingine jeni ya kuzuia nayo huharibika, na hapo dawa huanza kushindwa. Wewe ni fundi: mguu umekwama kwenye pedali ya cherehani, na hakuna wa kushika gurudumu. Mageuzi hayo yamo ndani ya saratani yenyewe. Mutanu hakuyarithi kwa mama yake, wala hakumpa Mbinya tumboni. Mbinya akiwa na wasiwasi, aende akamuulize daktari wa mama yake.

Eti kitu kibovu! Huyo ni binti yako, si gunia la mahindi lililoingiwa na fukusi.

Halafu kuna jambo linanisumbua. Daktari alikuwa mbele yako, na hukumuuliza hata swali moja kuhusu Mbinya? Mtu anayelinda wakwe angeuliza. Sababu yako hainitoshi, ndugu yangu.

Piga simu Makueni leo. Usitaje mvua. Sema mama wa msichana ni mgonjwa sana na mbuzi waje wiki hii. Kisha umwombe Mbinya msamaha uso kwa uso, si kwa kumtuma mtu. Na ukweli wenyewe, niandikie.

Nasima

Shangazi,

Ukweli ni huu. Tulipotoka hospitali siku ile, Mutanu aliniambia, "Nikishaona mbuzi wa Mbinya, nitapumzika." Mambo ya jeni daktari alieleza vizuri na niliyaelewa, hata mimi. Kilichonishika ni hilo neno la kupumzika. Nikadhani akiwa na kitu cha kungojea, hataenda.

Mbuzi walikuja Jumamosi. Tulimkalisha Mutanu mlangoni na blanketi. Kisilu alikuwa anamvuta beberu kwa pembe, jasho linamtoka, na Mutanu akamwambia, "We kijana, huyo ni mbuzi, si trela." Wageni wote wakacheka. Hakupumzika siku hiyo, wala kesho yake. Aliamka akidai supu. Mbinya alihamia chumbani kwa mama yake, nikawa nawasikia wakiongea na kucheka, mambo ambayo mimi sikuambiwa.

Alituacha wakati wa kuvuna ndengu.

Siku za baada ya mbuzi ndizo zilizokuwa nzuri, shangazi. Na mimi ndiye niliyezifanya ziwe chache.