Kabla Hujalipia Lile Tangi

Malaba,
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku mpakani, ambako jua linazama upande wa Uganda na malori hayajui Jumapili. Goti lako linaendeleaje? Je, Mama bado anakuficha chumvi? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo tu, na hilo Mama asiambiwe, maana atanitumia mahindi ya kulisha shule nzima.

Uliponipigia simu ukaniambia umepata bei nzuri ya tangi la maji ya mvua na pampu, na kwamba ukishavifunga hutamhitaji tena Baba Mdogo wala mfereji wake, nilikujibu "sawa, Baba" kwa kuwa sikujua la kusema. Sasa ninalo. Ni refu, na simu ingekatika kabla sijafika katikati.

Mfereji unapita shambani kwake kabla ya kufika kwako. Njia ya gari ya kwenda kwake inapita uani kwako. Tangu mkosane kwa ajili ya ule mpaka wa shamba la juu, yeye hajafunga maji na wewe hujafunga njia, na watu wa Werugha wanawasifu kwa ustaarabu. Si ustaarabu, Baba. Kila mmoja wenu anajua kwamba akianza, mwenzake atamalizia.

Muhula huu nafundisha kidato cha nne habari za Marekani na Wasovieti. Mwanzoni Marekani ilikuwa na bomu la nyuklia peke yake. Wasovieti nao wakalipata, kisha pande zote mbili zikarundika mabomu ya kutosha kuimaliza dunia na mengine yakabaki. Hapo hesabu ikabadilika. Hata ukimvizia mwenzako ukampiga kwanza, yeye ana mengine ameyaficha chini ya bahari, na atakurudishia. Basi hakuna aliyethubutu. Walikaa miaka mingi hivyo, kila mmoja ameshika koo la mwenzake, wakaiita amani.

Hapo wanafunzi hunielewa. Wanaponikatalia ni pale ninapowaambia kwamba mataifa hayo yalifika mahali yakatia saini mkataba wa kupunguza ngao, yaani mitambo ya kudungua makombora yanayokuja. Msichana mmoja aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, hapo umetucheza. Mtu anakatazwa aje kujikinga?"

Nikamweleza kwamba mwenye ngao anaweza kupiga bila kuogopa kupigwa, kwa hiyo jirani akiona ngao inajengwa, yeye anaona vita vinakuja. Aliandika, lakini uso wake ulikataa. Nami nilikuwa nasema tu nilichosoma. Halafu Okisai akachimba kisima.

Okisai ni mwenye nyumba wangu, Mteso wa kabila la huku, mtu mpole wa kuchekacheka. Ana uwanja ambao madereva wa malori hulipia kuegesha wakisubiri kuvuka mpaka. Kakake, Etyang, ana uwanja mwingine nyuma ya wake. Malori ya Etyang hupita kwenye ardhi ya Okisai ili yafike barabarani, na bomba la maji la Okisai hupita uwanjani kwa Etyang. Walikuwa hawasalimiani, lakini njia ilikuwa wazi na maji yalikuwa yakija. Nilipohamia hapa nilicheka peke yangu, nikadhani nimerudi Werugha.

Okisai akazungushia mabati pembe moja ya uwanja, akaleta mashine ya kuchimba bila kumwambia mtu. Alidhani akifanya kimya ataepusha maneno. Baba, mashine ya kuchimba kisima haina kimya. Etyang alisikia ule mngurumo, na kabla ya saa sita alikuwa ameshakata bomba. Nilimkuta bado ameshika msumeno.

"Mwalimu, hiyo kisima ikiisha, mimi nabaki na nini mkononi? Atafunga njia, halafu mimi nimwambie nini? Wacha nimguse kabla hajanigusa."

Jioni Okisai akamwaga mawe njiani. Kisima kilikuwa hakijatoa hata tone. Malori ya Etyang yakakwama ndani na madereva wakitukana kwa kila lugha ya Afrika Mashariki. Madereva wa Okisai nao wakahama, maana hakuna maji ya kuoga wala ya choo. Uwanja mmoja ukabaki na mbuzi tu, na mwingine na malori yasiyotoka. Nilimwuliza Okisai kama kweli alikuwa amepanga kufunga njia. Aliniangalia kama niliyemtukana.

"Njia? Mimi nilitaka tu maji mingi ya madereva. Kufunga njia sikuwa nimefikiria hata siku moja."

Nilisikitika sana, kwa sababu nilimwamini, na nilijua Etyang asingemwamini kamwe.

Aliyewaokoa ni dada yao mkubwa, Amoit, aliyeolewa Adungosi. Alikuja na mtungi wa pombe ya wimbi, akauweka pale kwenye mawe, akamimina maji ya moto. Huku pombe hiyo hunywewa kwa mirija mirefu, watu wote wakiuzunguka mtungi mmoja. Ndugu wakikosana, kila mmoja huondoa mrija wake, akaenda kunywa kwingine.

"Kila mtu alete mrija yake," alisema. "Hii mtungi ni moja. Nani ataweka sumu mahali yeye mwenyewe anakunywa?"

Nami nilipewa mrija. Mchungaji wetu asijue.

Walikunywa bila kuangaliana. Kisha Etyang akasema, kama anayeongea na mtungi, "Ungeniambia tu unachimba."

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Ningekasirika. Lakini singekata."

Okisai akasema kisima kikitoa maji atavuta bomba hadi kwa Etyang. Wakaanza kuondoa mawe wenyewe, na mimi nikasaidia kwa suruali yangu ya Jumapili.

Kesho yake darasani niliwasimulia habari hiyo bila kutaja majina, na yule msichana akasema, "Sasa nimeshika." Nikawaeleza pia kwamba baada ya makombora ya Kuba kukaribia kuichoma dunia, wale wakubwa wawili waliwekeana laini ya moja kwa moja, ili kila mmoja amwulize mwenzake anafanya nini kabla hajakisia. Siku hizi mikataba yao inakufa mmoja mmoja, na inanitia hofu. Lakini tangi lako linanitia hofu zaidi, kwa sababu Nyanya analala kwa Baba Mdogo, na njia ya kumpeleka hospitali ni ile ya uani kwako.

Nunua tangi, Baba. Goti lako linalihitaji. Ila Baba Mdogo asilijue kwa kusikia pampu ikinguruma.

Nisalimie Mama, mwambie shuka alizonifumia zinasifiwa mpaka Busia. Msalimie dada Wawuda na mwalimu mwenzangu, mumewe. Kwa Nyanya, mshike mkono kwa niaba yangu, ikibidi uvuke uende kwake.

Barua hii nimeitoa kopi. Kopi hiyo imepanda basi lilelile lililokuletea hii, na Baba Mdogo anaisoma leo kama wewe, akijua kwamba wewe nawe unaisoma. Usinikasirikie, nawapenda nyote wawili. Kwenye kifurushi kilichokuja na barua utakuta mrija, ni wa mpira, unakunjika. Uliofungwa kitambaa cheupe ni wako. Uliofungwa chekundu ni wa Baba Mdogo.

Huo ulio mkononi mwako ni wa kitambaa chekundu. Wako uko kwake.

Mwanao anayekuheshimu,
Mnjala