Plagini Iliyosafisha Akogo ya Mzee Omuse

Alhamisi, Burumba. Jua kali, mabati ya studio yanaalika, na hasira imenijaa mpaka chai nimeiacha ipoe.

Nimkasirikie nani kwanza? Barasa, mwenzangu wa studio, ama plagini yake mpya, hicho kiprogramu cha kurekebisha sauti kwenye kompyuta?

Mimi si adui wa plagini. Nazipenda, jamani! Kompresa yangu ya bure, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, imeokoa kwaya ngapi hapa Busia? Ile ya mwangwi naiita Kanisa, kwa sababu chumba chetu ni kidogo na bila hiyo kila mtu anasikika kama anaimba ndani ya sanduku. Hata hii mpya ya kufuta kelele niliishangilia, ilipotuondolea ngurumo za malori ya mpakani.

Lakini Barasa imemlevya. Kila kitu lazima asafishe.

Wiki jana Mzee Omuse alitoka Malaba na akogo yake kwenye mfuko wa unga. Ni kile kibao chenye ndimi za chuma, unacheza kwa vidole gumba. Kila ulimi ameuvisha kipete cha waya, ili ukiugusa uvume, zzzz, kama nyuki. Huo mvumo ndio akogo yenyewe. Vidole vyake vimeanza kukakamaa, kwa hivyo alitaka wajukuu wabaki na mlio wake. Alicheza mara moja tu, vizuri hadi nikasahau kuangalia mitambo.

Juzi nikavuka ng'ambo kununua waya wa maiki. Huku nyuma Barasa akafungua kazi ya mzee. Plagini ikasikia mvumo, ikadhani ni kelele, ikaufuta wote. Naye akaseva juu ya ile ya kwanza, eti diski imejaa.

Eti diski imejaa!

Mzee akaja, akasikilizishwa. Ilikuwa imebaki ting, ting, ting, kama simu ya mtoto ya kuchezea. Akauliza, "Hii ni yangu?" Barasa, na adabu zake zote, akamjibu, "Ni yako, mzee. Ile zzzz ilikuwa uchafu, tumekutolea."

Mzee akashukuru. Akashukuru na akaenda zake!

Niliporudi na kusikia hayo, nilimfokea Barasa hadi fundi wa nguo wa jirani akasimamisha cherehani asikilize vizuri. Nikajiambia basi, tutarekodi upya, yaishe.

Leo asubuhi nikampigia Amoit, binti ya mzee, nimwambie nakuja. Akanikatiza:

"Dada, baba amekaa hapa nje na koleo. Anavitoa vile vipete, kimoja kimoja. Anasema watu wa studio wamesoma, wamemwambia ni uchafu. Anasema ameshika uchafu miaka yote hiyo na hakuna mtu alimwambia."



Barasa anasema tuombe msamaha kwa simu. Kwa simu! Hana haya huyu. Kesho tunaenda Malaba sote wawili, tukiwa na maiki na waya mwembamba. Atakaa chini mbele ya mzee, arudishe vipete kwa mikono yake mwenyewe, mzee akimwelekeza. Akikataa, atafute studio nyingine.

Plagini nimeifuta kwenye kompyuta. Imetoka mara moja, hata haikubisha.

Lile neno "uchafu" nitalitoaje kwa mzee?