Sinia Mbili za Vibogoyo

Kibokoni, Mombasa, 1994

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila paka wa mamako amezaa kitandani mwangu, na aliyehamishwa ni mimi.

Waniuliza kwa nini mwalimu wenu hataki wastani wa namba moja tu, ataka "kati ya hii na hii", tena baada ya kupima watu wengi. Lau nyanyako angalikuwapo, angalikujibu yeye.

Harusi ya ndugu yangu, nilikadiria mchele kwa kutazama sinia mbili tu za maulidi, zote za wazee vibogoyo. Nikatangaza: kila sinia vibaba viwili!

"Mbili hazitoshi, bwana," akasema nyanyako. "Tazama nyingi, za vijana pia. Kwa sasa sema kati ya viwili na vinne. Ukizidi kutazama, nafasi hiyo itabana."

"Asiyejua ndiye asemaye 'kati ya'," nikamcheka.

Siku ya harusi wakaja makuli wa bandarini, walaji hodari. Wali ukaisha, wageni wakaondoka na njaa, ndugu yangu akainamisha uso. Nyanyako hakunisuta kamwe. Nami sikumwambia kuwa alisema kweli, hata tukamzika.

Wazee wawili wa barazani waniambia ukiwa huu utapungua. Wawili ni wachache, mjukuu wangu. Naendelea kuuliza.

Babuyo mkaidi