Bomba Lenye Mkono Mmoja

Kwa jina la Mola aliyeumba moto na maji. Nawaandikia wewe mwanangu na mkeo. Wasomeeni na wajukuu.

Nimempeleka mama yenu zahanati. Chai imo katika chupa. Asubuhi nilimkuta akisuuza vikombe, mvuke umemfunika uso, ngozi ya viganja imeanza kubabuka. Nikamwambia, "Mama watoto, unaungua." Akanijibu, "Mzee, wewe hata maji ya mtungi huyaita moto." Kumbe vidole vyake havihisi tena, naye alituficha asitutie hofu.

Basi zingatieni. Katika bomba hilo jipya la jikoni, maji ya moto na ya baridi huchanganyika humo ndani kabla ya kutoka. Mkono wa bomba ukielekea kushoto, ya moto hutawala. Kulia, ya baridi. Kila mmalizapo, uacheni kulia kabisa. Na hita ya maji ipunguzwe makali leo.

~~Mama asioshe vyombo tena.~~ Nimeufuta mstari huo. Jikoni ni himaya yake. Mwacheni aoshe, ila mtangulie kuyapima maji kwa viganja vyenu, pasi na kumsimanga.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mliobaki nyumbani, awajaalie mikono yenye kuhisi na nyoyo zenye kusitiri.

Baba yenu