Ufagio wa Bibi Azéma

Jumapili, 15 Januari 1978

Mgongo unaniuma. Mikono inanuka vitunguu na mafuta ya nguruwe, nimeosha na kuosha — wapi! Jana tulichinja hapa nyumbani, kama kila mwaka baridi inapokaza. Ua ulijaa ukoo wetu, Guidroz watupu, na majirani, na mbwa wa majirani.

Na nimeruka ufagio na Velton Frugé.

Haya, nimeliandika. Sentensi ya kipuuzi. Na ulikuwa upuuzi kweli! Ilikuwa hivi. Mdogo wangu Wanda anaolewa tarehe nne mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Tangu asome chuo kule Lafayette ana wazimu wa mambo ya kale. Akamwuliza Bibi Azéma wazazi wake walioanaje. Bibi akasema padri alikuwa akija huku mashamba ya mpunga mara mbili kwa mwaka, farasi wake akiwa mzima. Sasa waliopendana wangoje farasi? Ufagio ulilazwa chini mbele ya watu, wawili wakashikana mikono, wakaruka, basi wakahesabiwa mume na mke. Padri akija atabariki — pengine na mtoto juu.

Wanda akapiga kelele, tuonyesheni! Nani ataonyesha? Velton alikuwa anakoroga sufuria la ngozi za kukaanga. Akaweka mwiko chini. Akanishika mkono, mafuta kwa mafuta. Tukaruka. Watu wakashangilia, kaka yangu mdogo Lester akapiga karai. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bibi, toka kwenye kiti chake, akasema tu, "Haya. Imekwisha."

Velton hakucheka. Velton! Mtu aliyemfungia nguruwe ndani ya gari la padri siku ya Pasaka! Anacheka hata msibani. Kwa nini hakucheka?

Jumanne, 17 Januari

Niko ndani ya basi la watoto ninaloliendesha, nje ya shule, kengele bado. Asubuhi mtoto mmoja wa kina Landreneau aliniuliza toka kiti cha nyuma, "Misi Olite, kweli umeolewa na ufagio?" Basi zima likaangua kicheko. Nikasema anayetaka kwenda shule kwa miguu aulize tena. Lakini masikio yangu yalikuwa ya moto mpaka tulipovuka daraja.

Jioni. Ngazi ya barazani iliyooza tangu mwaka juzi ina ubao mpya. Nimemwuliza Mama nani kaitengeneza. Hakuona mtu. Wanda hakuona mtu. Bibi hukaa dirishani mchana kutwa, anaona hata kuku wa jirani wakigombana, naye eti hakuona mtu!

Jumapili, 22 Januari

Siku ya ajabu. Bibi alimwalika Velton chakula cha mchana baada ya misa, bila kumwambia mtu. Tumekaa mezani, mchuzi wa gumbo unafuka moshi, Mama akanyoosha mkono ampakulie Lester kwanza, maana ndiye mwanamume wa nyumba tangu Baba afe. Bibi akamzuia. "Mkwe kwanza."

Wote wakacheka. Velton akasema "Ahsante, Bibi," akala. Miaka yote alikuwa akimwita Madamu Guidroz.

Nikamfuata nje alipokwenda kuvuta sigara. Nikamwambia, "Velton, huu mzaha unaisha lini?"

"Mzaha gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Olite. Uliruka, hukuruka?"

"Niliruka. Kila mtu aliniona."

"Haya basi."

"Haya basi nini?"

Akaigeuzageuza kofia yake. Akasema, "Umewahi kuniona naacha sufuria la ngozi kwa ajili ya mzaha?"

Akapanda gari lake, akaenda zake. Nikabaki nimesimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi. Maana ni kweli! Ngozi ziliungua siku ile. Sufuria zima, nyeusi tii, Lester akanung'unika mpaka jioni. Na Velton ndiye yule aliyekataa kuacha sufuria hata siku ghala la mpunga lilipowaka moto, alisema zimeni nyie, mimi nina kazi.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutunga usaha. Lakini sijui kama huu ni usaha. Ningejua ningekamua.

Jumatano, 25 Januari

Nilijua litakuja. Leo limekuja. Tulikuwa tunakunja leso za karamu, Mama akasema bila hata kuinua macho, "Na Olite atacheza na ufagio, bila shaka."

Bila shaka! Mdogo wako akikutangulia kuoa au kuolewa, unavua viatu, unapewa ufagio, unacheza nao peke yako katikati ya ukumbi huku watu wakikucheka. Ndiyo desturi. Nilishaucheza Lester alipooa. Nilitabasamu hadi mashavu yakakaza. Watu wakasema, Olite ana moyo huyu! Nikarudi nyumbani nikavua gauni na kulitupa jikoni kwenye moto. Mama mpaka leo anaulizia lile gauni la bluu.

Wanda akanikumbatia. "Dada, bila wewe hainogi. Nimeufunga utepe mweupe." Akauleta auonyeshe.

Ni ule ule! Ufagio wa Bibi, wenye mpini uliochongwa na babu. Niliouruka.

Nikasema nina sugu kidoleni. Mama akasema, sugu haijawahi kumzuia mtu kucheza.

Jumamosi, 28 Januari

Nimetoka dansini. Velton anapiga kodiani katika ile bendi ya Jumamosi, na ndiyo itakayopiga harusini. Nilicheza na kila mzee aliyeninyooshea mkono. Sikutazama jukwaani. Nilitazama mara moja. Haya, mara kadhaa.

Wapigaji walipopumzika akanijia karibu na mlango, shati limelowa. Akasema Wanda amemwomba apige ule wimbo wa ufagio.

"Sasa? Wewe si mpigaji? Piga," nikamwambia. (Mdomo wangu huu!)

Akasema, "Nitapiga. Ukiingia ukumbini na ule ufagio, nitakupigia vizuri kuliko siku zote, usinione mnyonge. Hapo utakuwa umesema mbele ya watu kwamba huna mtu, nami nitakuwa nimesikia. Kaka yangu yuko Port Arthur kwenye mitambo ya mafuta, ananishikia nafasi ya kazi. Jumatano ya Majivu nitakuwa Texas."

"Na nisipocheza?"

"Usipocheza, utakuwa umesema jingine."

"Kwa nini usiongee kama watu, Velton? Mtu anakuja nyumbani, anavaa tai, anauliza!"

"Nimeruka mbele ya ukoo wako mzima. Nikuulize nini tena?"

Halafu chuma cha pembe tatu kikalia, akarudi jukwaani. Mjinga yule. Au mjinga ni mimi. Nimekuwa nikimwona kila Jumamosi tangu nina miaka kumi na saba, anapiga, mimi nacheza na wengine. Mpiga kodiani hachezi na mtu! Hili ndilo linanisumbua sasa hivi, hapa jikoni: sijawahi kucheza na Velton hata mara moja. Nimeruka naye tu.

Jumatatu, 30 Januari

Nimekwenda kwa padri. Amesema ufagio si ndoa, haukuwa ndoa hata zamani, ulikuwa ahadi ya kungoja padri. Kwa Kanisa mimi sijaolewa, niko huru kabisa.

Nikashukuru. Nikabaki nimekaa. Akaniuliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Akasema, mbona basi sura yako kama ya mtu niliyemnyima kitu?

Nimeendesha basi vibaya mchana. Niliipita nyumba ya kina Landreneau bila kusimama, watoto wakabaki wanapiga mayowe.

Alhamisi, 2 Februari

Leo ni sikukuu ya mishumaa. Mama kapika chapati za maji, za kuombea mwaka mwema, ya kwanza ikachanika. Akasema si kitu. Uso wake ukasema ni kitu.

Nimempelekea Bibi zake chumbani. Nikafunga mlango. Nikamwuliza, siku ile ulikuwa unatania?

"Mimi? Kwa umri huu? Mzaha nimewaachia nyinyi."

"Lakini mimi nilicheka, Bibi. Nilikuwa nacheka!"

"Hata mama yangu alicheka. Ulitaka aruke akilia?"

"Kila mtu anaona ni mchezo. Nikisema si mchezo watanicheka mpaka nife. Mwanamke mzima, eti kaolewa kwenye ua, mikono ina mafuta ya nguruwe. Na kama yeye anatania? Unamjua Velton. Nikisimama mbele ya watu niseme nina mume, halafu yeye aangue kicheko pale jukwaani?"

Bibi akatafuna taratibu. Akaniuliza, "Unamtaka?"

"Sijui."

"Basi jua. Mengine nitakusaidia, hilo siwezi kukujulia." Akanipa sahani niongeze sukari.

Ijumaa, 3 Februari

Siwezi kulala mchana, siwezi kukaa. Nimepiga pasi gauni. Nimejaribu viatu. Nimejaribu na bila viatu.

Nikicheza: anaondoka, mimi nabaki kuwa Olite mwenye moyo, na Jumamosi zote zilizobaki atapiga mtu mwingine. Nisipocheza: namharibia Wanda siku yake, Mama ataona haya, na nitakuwa nimesema kitu ambacho sina hakika nacho. Kuruka majivu na kukanyaga moto. Sina hakika! Mtu wa umri wangu anapaswa kujua anachotaka, kama anavyojua namba ya kiatu chake.

Velton amepita na gari mara mbili leo. Mara ya pili hakupiga honi.

Jumamosi, 4 Februari

Niko ukumbini, kwenye kile chumba cha nyuma wanakolazwa watoto dansi ikiendelea. Mimi mwenyewe nililazwa humu zamani, na Wanda, na Lester. Wako vitandani na juu ya makoti, ubavu kwa ubavu, wanakoroma kwa vipua vyao. Kitabu kilikuwa mkobani. Naandika kwa kalamu ya wanja, ile ya wino imeisha.

Misa ilikwenda vizuri. Wanda alipendeza, nimelia, hilo halina utata. Watu wamembandika noti kwenye shela mpaka haonekani. Nimekula. Sijui nimekula nini.

Velton yuko jukwaani. Kavaa tai! Nyekundu, fupi, imepinda. Sijawahi kumwona na tai isipokuwa kwenye mazishi. Tai maana yake nini? Ni ya harusi ya Wanda? Au ni kwa sababu nilisema mtu anakuja, anavaa tai — ah, kichwa changu!

Kisha Lester akapanda kwenye maikrofoni. Akasema tumngojee dada mkubwa, avue viatu. Watu, "Olite! Olite!" Velton akaanza wimbo. Kweli kapiga vizuri. Kapiga vizuri hata nikamchukia.

Nikavua kiatu kimoja. Mama akaenda kuchukua ufagio nyuma ya kaunta. Hakuuona. Akawauliza mabwana wa bia. Hawakuuona. Wanda akaenda kuangalia garini kwa mume wake, shela na noti zote zikipepea. Nikasema niangalie huku nyuma.

Nimeangalia. Uko hapa. Uko chini ya makoti, mtoto wa Lester kaulalia utepe.

Nimeuweka mimi. Nilipokuja kumfunika huyu mtoto, kabla ya keki, ulikuwa mkononi mwangu, naukumbuka ule mpini. Nilikuwa naufanyia nini? Sikukaa nikafikiri kwamba sasa naficha ufagio. Niliufunika tu, kama mtu anavyofunika sufuria, nikarudi kukata keki.

Wimbo bado. Ameuzungusha mwisho na kuuanza tena. Na tena. Wanacheka kule nje. Sauti ya Mama, mwanangu umeuona? Nimesema, bado! Mdomo umesema wenyewe. Mtoto mmoja ameshtuka, nimempigapiga mgongo, amelala.

Nikiupeleka, mambo yanaisha. Kila mtu anacheka, tunakunywa, Jumatano tunapakwa majivu.

Nimeuchomoa chini ya mtoto. Utepe umekunjamana. Naogopa, basi, hilo nalijua. Mtu haogopi hivi kwa ajili ya mzaha.

Nimeulaza sakafuni, kizingitini, toka ukingo huu wa mlango hadi ule. Anayeingia humu itabidi auruke.

Kodiani imenyamaza katikati ya wimbo. Fidla inaendelea peke yake, kisha nayo. Lester anauliza kwenye maikrofoni, wee Velton, unakwenda wapi?

Mwendo huo si wa Mama. Ni buti. Zinakuja na ule ukumbi mzima kimya nyuma yake. Zimefika. Mlango umefunguka kidogo, naona ncha ya kiatu, na anatazama chini, ameuona, na hacheki. Mkono wangu una wanja mweusi hadi kwenye kifundo, natafuta pa kuupangusia, maana amenyoosha wa kwake