Kiti cha Mama cha Kwenda Upande

Kwako Kaka Masatu, Mugango.

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia yote kuwa gurudumu la mbele la kushoto limekubali kugeuka. Salamu ndiyo zinafuata: mimi mzima, ila baridi ya huku Uswidi inatafuna masikio. Mama anaamkaje? Na watoto?

Barua yako ilininyima chakula. Eti Shemeji, mume wa dada yetu, alipita ghafla na mitumba yake akitokea Nyasura, Mama akataka kumpisha, maana mtu na mkwewe hawatazamani usoni, kiti cha magurudumu kikakwama mlangoni akikigeuza. Mama akajifunika khanga, Shemeji akajifunika kofia, wakabaki hivyo mpaka uliporudi kutoka shamba. Na tangu hapo Mama anasema, "Nilikuwaga na miguu ya kukimbilia. Sasa niacheni humu humu chumbani." Hata kanisani hataki.

Ndiyo maana natengeneza kiti kisichohitaji kugeuzwa. Kila gurudumu lina mota yake ya kulielekeza. Yote yakielekea kushoto, kiti kinakwenda kushoto, Mama bado katazama ukuta kwa adabu zake.

Mota za kwanza nilizichagua kwa sababu zina mbio. Kiti kikiwa juu ya meza, magurudumu yaligeuka mpaka nikajipigia makofi. Nilipokishusha sakafuni nikakikalia, mota zikanguruma, zikatoa moshi, magurudumu yakabaki vilevile. Fundi mkuu wa karakana ninayofagia, mzee asiyecheka, akaniuliza, "Hizi ni mota za kumgeuza nzi. Mama yako ni nzi?"

Nikamwambia, "Wewe humjui Mama."

Akanipa mota za waipa, zile za kufutia mvua kiooni, za lori kuukuu. Ndani yake gia ndogo inazungusha kubwa, kama baiskeli ya kupandia mlima: mbio zinapungua, nguvu inaongezeka. Jana nimekaa juu ya kiti, gurudumu likageuka, polepole kama mzee wa kanisa akipitisha kapu la sadaka. Mwambie tu Shemeji hodi yake airefushe.

Mama mwambie asikate tamaa. Msalimie mkeo anayemwogesha, dada yetu wa Nyasura, na yule jirani mvuvi anayewaletea furu.

Ni mimi mdogo wako,
Mafuru

N.B. Fundi anauliza chaja ya betri za kiti aifunge kwa umeme wa aina gani wa huko nyumbani. Mugango hakuna umeme.