Mishono Mitatu ya Kijani

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya, habari za kazi, na kile kikohozi cha mvuke kimekwisha? Mimi na Mama huku wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali.

Nimekuwekea sura ya tisa mpaka ya kumi na moja. Nimezichapa kwa herufi kubwa maana najua utasoma umesimama, karatasi moja juu ya mashine ya pasi na jicho moja kwa msimamizi. Hadithi imepamba moto, Dada. Kwenye tamthilia yenyewe Hakimu na Karani wana miaka mitatu wanapeana mafaili tu, hata mikono hawajashikana. Kwangu mimi wameshapendana, wamegombana, Karani ametoroka, na Hakimu anazunguka nchi nzima akimtafuta. Kwenye ukurasa wetu wa mashabiki, tunakoandikiana hadithi za hao wawili, watu wamegawanyika. Kuna mwalimu mmoja mstaafu kila siku analalamika kwamba mapenzi yamezidi, eti Hakimu wa kweli saa hizi angekuwa mahakamani. Wengine wanamwambia akalale.

Sura ya kumi ndiyo imewamaliza. Nilichukua ile habari yako ya uzi. Karani anafanya kazi kwa dobi, na kila shuka la nyumba ya wageni analitia alama kwenye kona lisipotee: mishono mitatu ya kijani, imelalia upande kwa sababu yeye ni mashoto. Basi Hakimu anafika nyumba ya wageni amechoka, anavuta shuka ajifunike, anaiona ile mishono. Anajua ni mkono wa mpenzi wake. Watu wamelia, Dada. Usinune, jina lako halimo wala jina la mji.

Shemeji alipita Jumapili kumsalimia Mama. Amekonda, mpole, kaegesha lori kule nje akaingia jikoni kumenya viazi kama mtoto wa kike. Haulizi tena uko wapi. Aliniuliza tu siku hizi nafanya nini, nikamwambia naandika. Akasema atanitafuta asome.

Mdogo wako,
Kasuku


19 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba. Kikohozi kimebaki kidogo tu cha asubuhi. Msalimie Mama, mwambie ajipake ile dawa ya macho, asiifiche kabatini.

Nimesoma zote, tena na Mama Pasi, huyu mwenzangu wa mashine ambaye barua zako zinapitia sanduku lake. Yeye kasema umzalie Karani mapacha haraka. Mimi nakwambia mapenzi yamezidi. Kwenye kurasa sita wamehema mara kumi na moja. Kila pumzi nilikuwa nabana kibanio kimoja kwenye kamba, nikaishiwa vibanio. Mtu mzima hahemi hivyo labda awe amepanda ngazi.

Lakini sura ya shuka nimeipenda. Nisikufiche, nililia kidogo. Tangu nifike hapa sijawahi kufikiri kwamba ile mishono kuna mtu anaweza kuitazama.

Kitu kimoja. Umemfanya Karani akimbie kwa sababu ya neno kali. Mwanamke haachi nyumba, simu na jina lake kwa sababu ya neno kali. Umempunguzia Hakimu kosa ili asamehewe upesi. Na tafadhali, yule usimwite tena shemeji kwenye barua zangu. Akija, mpe kiti, funga mdomo.

Ila chumba cha Karani kinakosa uhai. Haya, nakuazima dirisha langu: mbele kuna tangi la maji limepakwa rangi ya bluu nusu, fundi wa rangi aligombana na mwenye jengo akaondoka na ngazi yake. Njiwa wanalala upande usiopakwa tu. Tunacheka kila siku.

Dada yako


2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mikono haijaungua tena. Sisi wazima, Mama anakusalimu, dawa bado iko kabatini.

Kuhusu neno kali umesema kweli, lakini nikiandika kosa lenyewe, hakuna mapenzi yatakayobaki, na wasomaji wangu wamekuja kwa ajili ya mapenzi. Wako mia nne sasa. Nivumilie.

Tangi lako limekuwa nyota. Nimeliweka sura ya kumi na mbili, na nusu yake ya bluu na njiwa wake. Kuna msomaji anajiita Mvumilivu, huyo ndiye alikuwa akiniomba, "Tuonyeshe dirishani kwa Karani kunaonekana nini." Huwa ananisoma dakika ile ile ninapoweka sura. Anamtetea Hakimu kuliko mimi mwenyewe. Nimekuchapia maoni ya watu kurasa mbili, uone mdogo wako anavyopendwa.

Mdogo wako,
Kasuku


11 Aprili

Mdogo wangu,

Ile "hofu ni kwako" tunayoandikiana kwa mazoea, leo naiandika kwa maana yake.

Chukua ile karatasi ya maoni. Ukurasa wa pili, maoni ya tano, Mvumilivu. Ameandika: "Mlango uliovunjika si kitu. Mlango unatengenezeka."

Katika hadithi yako hakuna mlango uliovunjika. Nimesoma sura zote kumi na mbili tangu mwanzo, mara mbili, nimempa na Mama Pasi asome. Hakuna. Mlango uliovunjika ulikuwa wa nyumba yangu, na waliouona ni watatu: mimi niliyekuwa nyuma yake, wewe uliyekuja asubuhi ukafagia vipande vya mbao, na yeye aliyeuvunja. Maneno hayo hayo aliyasema siku ile akinichemshia chai, maana yeye akishamaliza kupiga huchemsha chai. "Mlango unatengenezeka."

Kasuku, yule ni dereva wa lori. Kila siku analala nyumba ya wageni nyingine. Umempa mishono, umempa rangi, umempa mkono wa kushoto. Hana haja ya kuuliza mtu. Ni kuvuta shuka tu na kutazama kona. Halafu akiupata mji, tangi lenye nusu ya bluu ni moja.

Najua na mimi nimo. Dirisha nilikupa mwenyewe, nikicheka. Nilitaka mtu ajue ninakaa wapi, hata kama ni mtu wa hadithi.

Futa yote. Polisi usiende, mimi nilishakwenda mara ya kwanza wakaniambia nirudi nyumbani nikazungumze na mume wangu. Futa tu. Tangu jana nashona uzi mweupe, lakini mashuka ya kijani yameshatoka kwenye kila nyumba ya wageni ya barabara hii, mamia. Siwezi kuyarudisha.

Nimeogopa. Mama Pasi kanitoa kwenye mashine nisije nikaungua.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui nikuulize afya yako kwa mdomo gani.

Barua yako imefika jana. Nilikaa chini pale pale posta. Nimefuta, lakini sura ya kumi na ya kumi na mbili watu walishazinakili, zinazunguka. Kila nikifuta huku, mwingine anaziweka kule akidhani ananisaidia. Nilikwenda kwa madereva wenzake yule kwenye yadi ya malori nikijifanya nina mzigo. Wamesema aliomba njia za upande wenu tangu mwezi uliopita. Wamesema siku hizi kawa mtu wa ajabu, akifika nyumba ya wageni anatandua kitanda kabla hajavua viatu. Wanamcheka, wanadhani anaogopa kunguni.

Na mimi ndiye niliyemwambia naandika. Alikaa jikoni kwa Mama anamenya viazi, nikafurahi kwamba kuna mtu wa familia anataka kunisoma. Nisamehe. Na huyo Mvumilivu nilikuwa namwita msomaji wangu bora.

Nimewaza kitu kimoja, sina kingine. Anaamini ninachoandika. Jumamosi asubuhi nitaweka sura mpya. Karani ameacha kazi kwa dobi, amepanda treni mpaka kituo cha mwisho cha reli, kule upande wa pili kabisa wa nchi. Kila Jumamosi anasimama chini ya saa ya kituo, amevaa gauni la njano, anamngoja Hakimu. Amemsamehe. Nimeweka mapenzi yote, Dada. Wanahema, wanalia, anamwota, anambusu kwenye kioo cha dirisha, yale yote uliyoyacheka. Yule mwalimu mstaafu akisoma hii atajitoa ukurasani, na safari hii atakuwa na haki. Lakini namwandikia mtu mmoja tu, na yeye kwake hayazidi kamwe.

Ukipata barua hii, usiijibu. Ondoka.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako, labda liko njiani. Naandika haraka.

Alikuja Jumatano. Aliingia mapokezi na shuka amelikunja kwapani, la nyumba ya wageni, akalitandaza mezani akaonyesha kona. "Nani anashona hizi?" Mama Pasi alikuwepo. Akamjibu, "Mashine." Akasema, "Mashine haina mkono wa kushoto." Kwa upole, huku akitabasamu. Mama Pasi akamwambia basi ni wanawake ishirini wanashona hapa, na wote wamelelewa vibaya. Akashukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la fundi viatu mbele ya geti.

Alikaa siku tatu. Sikutoka. Nimelala kwenye chumba cha kukunjia, juu ya magunia. Alhamisi aliruka ukuta wa nyuma au sijui alimdanganya nani, akaingia uani kwenye kamba. Nilikuwa naanika. Niliona viatu vyake chini ya pindo la shuka, hatua nne kutoka kwangu, vikasimama. Nilibana pumzi mpaka masikio yakaziba. Akalishika lile shuka, upande wake, nikaona vidole vikitafuta kona. Msimamizi akampigia kelele, akaondoka akiomba radhi.

Jumamosi, yaani jana, Mama Pasi alikuwa anamchungulia kwenye tundu la geti. Kasema saa tatu alitoa simu, akasoma kwa muda mrefu, akarudia, halafu akafuta macho. Akasimama, akamlipa fundi viatu, akapanda lori. Ameelekea upande wa reli.

Sijui umeandika nini, lakini najua ni wewe. Siendi kuuliza. Mama Pasi amenitafutia gari la nguo chafu, linatoka baada ya nusu saa, nitakaa katikati ya magunia. Sikuambii naenda wapi. Si kwamba nimekasirika. Wewe ndiye ninayekupenda kuliko wote, na wewe ndiye usiyejua kunyamaza.

Mwangalie Mama.

Dada yako


30 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya yako, huko uliko? Sisi tupo. Barua hii sina pa kuituma. Kwa Mama Pasi siandiki, nisije nikaacha njia nyingine. Naandika kwa sababu nisipokuandikia nazungumza peke yangu, na Mama anasikia.

Wiki kumi. Jumamosi ya nne baada ya ile sura, Mvumilivu aliandika: "Hakuwepo. Nimemngoja Jumamosi nne chini ya saa. Andika sura nyingine." Nimeisoma mara nyingi mno. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe. Hakukaa, hakumenya kitu. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akaniuliza, "Inayofuata lini?" Nikamwambia hadithi imeisha. Akasema haiwezi kuisha hivyo, wanapendana. Nilikuwa na kisu cha mboga mkononi, nikaendelea kukata, nikakata mpaka hakuna cha kukata. Akaaga vizuri, akamwombea Mama afya. Tangu siku hiyo nikisikia lori linapunguza mwendo barabarani, nakaa chini sakafuni kabla sijajua nimekaa.

Wasomaji wananitukana. Mia nne wote wanataka Karani apatikane. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yeye anataka. Yule mwalimu mstaafu peke yake, aliyebaki kumbe, ameandika: "Mwacheni apumzike." Nimefunga ukurasa.

Jana kimekuja kifurushi. Hakina barua wala jina la aliyetuma, muhuri wa posta umelowana hausomeki. Ndani kuna foronya moja, imepigwa pasi mpaka inakata. Niliigeuza nikatazama kona. Kuna mishono, na imelalia upande ule ule.

Dada, nililia mpaka jirani akaja. Nikamwambia ni meno.

Idadi yake siitaji. Rangi yake siiandiki, hata hapa, kwenye karatasi ambayo haiendi popote. Nitaikunja barua hii niitie ndani ya foronya, na juu yake Mama atalaza kichwa.

Mama ameipapasa ile kona kwa kidole, akacheka peke yake, akaniuliza uzi ni wa rangi gani, maana macho yake unayajua. Nimemwambia hata mimi sioni vizuri.

Mdogo wako